Mji wa Witu: Mazingira, Historia na Suala la Wenyeji

Katika maandishi mengi yahusuyo ustaarabu wa Waswahili, neno mji limezoea kufuatana na neno jiwe. Mtaalamu anapotaka kuthibitisha kwamba mahali fulani palikuwa na mji, huanza kwa kutafuta msikiti uliojengwa kwa matumbawe, makaburi yenye minara, kuta zenye vidaka na visima vilivyopakwa chokaa. Kwa kipimo hiki Gedi, Takwa, Pate, Siyu na Lamu zimepata haki yake, na vitabu vilivyoandikwa juu yake ni vingi. Lakini kipimo chenyewe kina dosari moja. Kinaiacha nje miji ambayo watu wake walijenga kwa miti, udongo na makuti, hata ikiwa miji hiyo ilikuwa na mtawala, sheria, soko, jeshi na barua zilizokwenda na kurudi baina yake na nchi za mbali. Witu ni mmoja wa miji hiyo. Msafiri apitaye leo kwa gari haoni gofu la kumsimamisha, na kwa sababu hiyo huenda akadhani kwamba amepita kituo kidogo tu cha barabarani.

Makala haya yanakusudia kueleza mahali ulipo mji wa Witu, chimbuko lake, maangamizi yaliyoupata mwaka 1890, na hasa jinsi watu wake walivyolitatua swali la nani ahesabiwe mwenyeji na nani mgeni. Swali hilo la mwisho ndilo lenye uzito kuliko mengine, kwa kuwa halijapata jawabu kamili hadi sasa. Aidha, wapo wasomaji watakaouliza historia ya mji mdogo wa bara ina uhusiano gani na taaluma ya lugha. Jawabu ni kwamba moto uliowashwa Witu katika mwezi wa Oktoba 1890 uliunguza, pamoja na nyumba, kitabu ambacho wataalamu wa Kiswahili wamekuwa wakikitafuta tangu wakati huo.

Mahali na mazingira

Witu iko bara, si kisiwani. Iko katika sehemu ya kusini ya Kaunti ya Lamu, kaskazini ya delta ya mto Tana, kwenye barabara itokayo Garsen kuelekea Mokowe, ambako abiria huteremka na kuvuka kwa mashua kwenda kisiwa cha Lamu. Upande wa kusini, kwa mwendo wa kilomita 20 hivi, iko Kipini, penye mlango wa mto Ozi. Na ndani kidogo ya mto huo palikuwapo Kau, bandari ya zamani ya majahazi madogo. Upande wa mashariki ziko Mkonumbi, iliyo kwenye ncha ya mkono wa bahari, na Mpeketoni, penye ziwa ambalo siku hizi huitwa Ziwa Kenyatta.

Ni vigumu kuielewa Witu bila ya kuelewa mito hiyo. Zamani Tana na Ozi ilikuwa mito miwili mbalimbali, na Tana ilikuwa na mlango wake wenyewe upande wa kusini. Katika karne ya 19 ulichimbwa mfereji uitwao Belezoni ili vyombo vipate kupita kutoka mto mmoja hadi mwingine bila ya kuikabili bahari. Maji yakaipenda njia hiyo mpya. Mfereji ukapanuka, na baadaye sehemu kubwa ya maji ya Tana ikawa inamwagikia baharini hapo Kipini. Ni nadra katika pwani hii kuona kazi ya jembe ikigeuza mkondo wa mto mkubwa namna hiyo, na inashangaza kwamba jambo hili hutajwa kwa nadra katika vitabu vya shule.

Ardhi ya Witu ni tambarare, yenye rutuba mahali pengi, na mvua yake huja kwa misimu miwili, masika na vuli. Mikoma na mivumo imetawanyika katika nyika, na karibu na mji kuna msitu ambao serikali iliutenga tangu zamani kuwa hifadhi. Mbung'o wamekuwa kizuizi cha ufugaji, ingawa ng'ombe wa Waorma, kwa kuzaliana vizazi vingi katika nchi hiyo, wamepata ustahimilivu ambao ng'ombe wa kwingineko hawana. Mazao ni mahindi, simsim, pamba, korosho na maembe.

Kwa mwanaisimu, mazingira ya mji huu yana utajiri mwingine. Katika eneo ambalo mtu aweza kulizunguka kwa siku chache hukutana lugha za Kibantu na za Kikushi: Kiswahili cha lahaja za kaskazini, Kipokomo cha wakulima wa mtoni, Kiorma cha wafugaji, na Kidahalo, lugha ya watu ambao jirani zao huwachanganya na wengine kwa jina moja la Wasanye. Kidahalo ni lugha ya Kikushi, lakini kina sauti za kidoko, jambo ambalo limewafanya wataalamu wafikiri kwamba wasemaji wake walikuwa na lugha nyingine kabla ya kuiingia hiyo. Wasemaji waliobaki ni wachache mno, na vijana wao wengi husema Kiswahili.

Chimbuko la mji

Chanzo cha Witu ni kushindwa kwa Pate. Mnamo mwaka 1812 hivi majeshi ya Pate na ya Mazrui wa Mombasa yalishindwa na watu wa Lamu katika vita vya Shela. Watu wa Lamu, kwa kuhofia kisasi, wakamwita Sayyid Said wa Omani awalinde, na tangu hapo mkono wa ukoo wa Busaidi ukaanza kuufunika mwambao wa kaskazini. Pate na Siyu hazikukubali upesi. Zilipigana, zikapatana, zikapigana tena kwa muda wa miaka hamsini. Siyu ilisalimu amri mwaka 1863, katika zama za Sayyid Majid wa Unguja. Katika misukosuko hiyo hiyo Ahmed bin Fumo Luti, wa ukoo wa Nabahani uliotawala Pate kwa karne nyingi, alilazimika kukihama kisiwa. Alikwenda kwanza Kau, kisha akaingia ndani zaidi, mahali ambapo merikebu za Unguja zisingeweza kumfikia, na mwanzoni mwa miaka ya 1860 akaweka makao yake Witu.

Mtawala huyo alijulikana zaidi kwa lakabu ya Simba. Jina la baba yake, na majina ya waliomfuata, yaani Fumo Bakari na Fumo Omari, yana neno ambalo mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili analijua vema. Fumo ni cheo cha kale cha mfalme, na ndicho alichoitwa Liyongo, ambaye kaburi lake huonyeshwa Ozi, karibu na Kipini, mwendo mfupi tu kutoka Witu. Kwa hiyo Nabahani walipoingia bara hawakuingia katika nchi tupu. Waliingia katika nchi ambayo hadithi za lugha yao zilikwisha kuikalia, na cheo walichochukua kilikuwa na mwangwi mahali pale. Kama walikusudia hivyo au la ni jambo jingine.

Jina la mji wenyewe nalo linahitaji maneno mawili matatu. Wengi hulihusisha na neno mwitu, yaani msitu, na kwa upande wa maana hapana kizuizi: mji huu ulianza kama maficho ya msituni. Kwa upande wa umbo, hata hivyo, mambo si mepesi. Mwitu ni jina la ngeli ya M-MI, na wingi wake ungekuwa miitu. Witu si umoja wala si wingi wa neno hilo. Umbo linaloafikiana zaidi ni la ngeli ya U-, ambamo kiambishi u- hugeuka kuwa w- kinapotangulia irabu, kama katika wimbo na wembe. Kwa kufuata kanuni hiyo, witu lingekuwa jina la hali au mahali pa mwitu. Hii ni dhana ya kimofolojia tu, wala haipaswi kubebeshwa mzigo wa ushahidi wa historia; lakini ni afadhali kuliko kusema, kama isemwavyo mara nyingi, kwamba herufi ya kwanza imedondoka.

Lugha ya watawala hao ilikuwa Kiswahili cha Pate, ambacho, sawa na Kiamu, husema ndia na ndoo pale ambapo lahaja za kusini husema njia na njoo, na mato pale zinaposema macho. Lakini watu waliojaa mjini hawakuwa wasemaji wa lahaja hiyo kwa kuzaliwa. Hapo ndipo historia ya Witu inapoachana na historia ya Pate.

Watoro

Katika karne ya 19 bara ya Lamu, kuanzia Mkonumbi hadi Mpeketoni na Hindi, ilikuwa nchi ya mashamba makubwa. Mtama, mahindi na simsim vilipakiwa majahazini kwenda Arabuni, na waliolima walikuwa watumwa, wengi wao wakiwa wameletwa kutoka nchi za kusini ya Afrika ya Mashariki. Mtumwa aliyetoroka kutoka shamba la kisiwani hakuwa na pa kwenda. Aliyetoroka kutoka shamba la bara alikuwa na msitu, na baada ya miaka ya 1860 alikuwa na Witu.

Simba aliwapokea. Hakufanya hivyo kwa huruma peke yake, na ni vizuri kulisema jambo hili wazi, maana wako waandishi wanaomfanya kuwa mkombozi kama walivyokuwapo waliomfanya kuwa haramia. Alikuwa mfalme aliyefukuzwa, mwenye cheo lakini bila ya watu. Nao walikuwa watu wasiokuwa na cheo wala ulinzi. Yeye aliwapa ardhi ya kulima na kinga dhidi ya mabwana wao, nao wakampa mikono ya kulima na mikono ya kushika bunduki. Vijiji vyao viliuzunguka mji msituni, na vilipigana chini ya jina lake. Baadhi yao walikwenda kuyavamia mashamba ya Lamu, yale yale waliyoyakimbia, wakachukua mazao na watu. Wala utumwa haukukoma ndani ya Witu yenyewe: aliyeponyoka kwa bwana mmoja aliweza kumwona mwingine akiuzwa mbele ya macho yake. Mtaalamu Marguerite Ylvisaker, katika kitabu chake juu ya Lamu ya karne ya 19 kilichochapishwa mwaka 1979, ameonyesha jinsi nguvu ya Witu ilivyotokana na mchanganyiko huu wa watawala waliopoteza kisiwa, watoro, na jirani wa bara waliokuwa na sababu zao wenyewe za kuichukia Unguja.

Msamiati wa zama hizo unasaidia kuona ukubwa wa jambo lililotokea. Jamii ya mwambao iliwapanga watu kwa majina. Juu alikuwa muungwana. Aliyezaliwa pwani na wazazi watumwa aliitwa mzalia. Aliyeletwa karibuni, asiyejua bado lugha wala desturi, aliitwa mjinga, na neno hili, ambalo leo lina maana ya mtu asiye na akili au elimu, lilikuwa na maana ya daraja katika utumwa. Aliye nje kabisa ya mipaka ya mji aliitwa mshenzi. Mtoro hakuwa na nafasi katika ngazi hiyo. Jina lake limetokana na kitendo, kutoroka, nalo lilitaja kosa: ni mtu aliyejiiba mwenyewe. Witu ililichukua jina hilo la kosa likawa jina la kundi la raia wake. Mtu aliweza kusema yeye ni mtoro wa Witu, na msikilizaji wa Lamu akaelewa kwamba huyo ana mtawala na ana silaha. (Siku hizi neno hili limehamia shuleni, ambako mtoro ni mtoto anayekosa masomo, historia yake imesahauliwa, kama inavyosahauliwa historia ya maneno mengi yanayotumika kila siku.)

Je, watoro walikuwa wenyeji? Kwa kipimo cha Pate, ambako nasaba ilikuwa mlango wa uungwana, jawabu lingekuwa la. Kwa kipimo cha Witu, mwenyeji alikuwa yule aliyelima ndani ya kinga ya mji na kuutetea. Tofauti hii si ndogo. Miji ya mawe iliwaruhusu wageni kuingia, lakini iliwatoza vizazi kadhaa kabla ya kuwaita wao. Mji wa makuti uliwaita wao mara moja, kwa kuwa usingeweza kuishi bila yao.

Himaya ya Wadachi

Sifa ya Simba ya kuipinga Unguja ilifika mbali. Mwaka 1867 msafiri wa Kijerumani Richard Brenner alifika Witu, na mfalme akamweleza haja yake ya kupata kinga ya Prussia. Wakati huo hapakuwa na aliyejali Ulaya. Miaka 18 baadaye mambo yalikuwa yamegeuka. Mnamo Aprili 1885 Clemens Denhardt, aliyekuwa pamoja na ndugu yake Gustav, alipata kwa Simba mkataba wa ardhi, na mwezi wa Mei mwaka huo Ujerumani ikatangaza himaya yake juu ya Witu. Sayyid Barghash alikuwa amekwisha kupeleka askari kuushambulia mji. Manowari za Kijerumani zikatia nanga Unguja mwezi wa Agosti, naye akalazimika kuwarudisha nyuma.

Mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886 yaliitambua Witu kuwa na ufuo wake wenyewe, kuanzia Kipini hadi ghuba ya Manda. Kwa hiyo kwa muda wa miaka michache mji wa watoro ulikuwa dola yenye mipaka iliyoandikwa Ulaya. Wajerumani waliita nchi hiyo Suaheliland, yaani nchi ya Waswahili, na mwaka 1888 wakafungua ofisi ya posta Lamu. Himaya hiyo ilileta pia faida ambayo haikukusudiwa. Wamisionari wa Neukirchen waliokuja Tana mwaka 1887 walikuwa na mtu aitwaye Ferdinand Würtz, aliyekusanya msamiati wa Kipokomo na wa Kitikuu, na C. G. Büttner, aliyefundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za Mashariki kilichofunguliwa Berlin mwaka huo huo, alichapa maandishi na tungo za Kiswahili ambazo zingaliweza kupotea. Sehemu kubwa ya yale yajulikanayo juu ya lahaja za kaskazini katika karne ile imepitia mlango huo.

Tarehe 1 Julai 1890 Ujerumani iliiacha Witu. Katika mkataba wa Helgoland iliipa Uingereza madai yake yote ya kaskazini, nayo ikapata kisiwa cha Helgoland kilicho katika Bahari ya Kaskazini. Husemwa mara nyingi kwamba Wajerumani walibadilisha Unguja kwa kisiwa hicho. Msemo huo si sahihi. Unguja haikuwa yao hata waibadilishe. Walichokuwa nacho mkononi, na walichokitoa, ni Witu. Fumo Bakari, aliyekuwa amemrithi Simba, hakushauriwa. Aliamka siku moja chini ya mlinzi mwingine, na mlinzi huyo alikuwa rafiki wa adui yake wa Unguja.

Moto wa 1890

Septemba mwaka huo alifika Mjerumani aitwaye Andreas Küntzel pamoja na wafanyakazi wake, kwa nia ya kukata mbao katika msitu wa Witu. Alikuja kana kwamba himaya ya nchi yake ingali ipo. Watu wa mji waliwazuia, wakawataka watoe silaha. Kwa mujibu wa taarifa za wakati ule, Küntzel alipotaka kutoka na lango likafungwa, alimpiga risasi mlinzi wa lango. Baada ya hapo yeye na karibu wenzake wote waliuawa.

Ujerumani ilidai kisasi, na Uingereza, iliyokuwa na himaya sasa, ikakitekeleza. Admirali Edmund Fremantle alishusha mabaharia na askari pwani, akapanda nao bara kutoka Kipini, na tarehe 27 Oktoba 1890 wakaingia Witu. Fumo Bakari alikuwa amekwisha kukimbilia msituni. Boma na lango vililipuliwa, mji ukatiwa moto, na minazi na mashamba ya jirani yakaharibiwa. Askari wa Kiingereza waliopigana huko walipewa nishani yenye jina la Witu na mwaka huo. Nyumba za udongo na makuti huungua kwa saa chache, na ndiyo sababu mchimbaji wa mambo ya kale hakuvutiwa na mahali hapo kama alivyovutiwa na Gedi.

Lakini kilichoungua si makuti tu. Nabahani walipohama Pate walihama na kumbukumbu zao, na miongoni mwake, kama walivyosimulia watu wa ukoo huo, kulikuwa na kitabu cha habari za wafalme wa Pate. Kitabu hicho kilikuwa Witu siku ya moto, na hakikuonekana tena. Matini zote za Habari za Pate zijulikanazo leo zimeandikwa baadaye, na nyingi zinarejea kwa mtu mmoja, Muhammad bin Fumo Omar Nabahani, aitwaye Bwana Kitini, ambaye alisema kwamba alizipokea kwa babu yake Muhammad bin Bwana Mkuu, aliyeitwa Bwana Simba. (Bwana Simba huyo asichanganywe na mfalme wa Witu, lakabu ilikuwa moja, watu wawili.) C. H. Stigand alizichapa kwa Kiingereza mwaka 1913, na Alice Werner akazichapa kwa Kiswahili pamoja na tafsiri mwaka 1914 na 1915. Marina Tolmacheva alizikusanya matini mbalimbali mahali pamoja mwaka 1993.

Matini hizi hazipatani. Majina ya wafalme hutangulizana, miaka ya kutawala huongezeka na kupungua, na kuna mambo yanayosimuliwa kwa urefu katika moja ambayo nyingine haiyataji kabisa. Mwaka 1969 Neville Chittick aliikosoa tarehe ya kufika kwa Nabahani katika mwaka wa 600 wa Hijra, akaona kwamba sehemu za mwanzo za Habari haziwezi kuaminiwa. Uchimbuzi uliofanywa Pate baada yake umeonyesha kwamba mji ule ni wa kale zaidi kuliko alivyodhani. Mjadala huo wote, unaoendelea, ni mjadala juu ya kumbukumbu ya mdomo iliyoandikwa kwa kuwa kitabu hakipo. Wahakiki wa matini hizi huzishughulikia kwa haki kama fasihi simulizi, lakini baadhi yao husahau kueleza ni kwa nini zimekuwa simulizi. Waandishi wa Nabahani walijua kuandika. Kitabu chao kilichomwa.

Baada ya moto

Yaliyofuata yaweza kuelezwa kwa ufupi. Fumo Bakari alikufa mwaka 1891, na Fumo Omari akaendelea na upinzani akiwa Jongeni, msituni. Kampuni ya Waingereza ya Afrika ya Mashariki ilikabidhiwa utawala mwaka 1891, ikashindwa, ikajiondoa mwishoni mwa Julai 1893. Mwezi uliofuata majeshi yalitumwa tena, na vijiji vya Pumwani na Jongeni vikashambuliwa. Mwaka 1895 Omari bin Hamed aliwekwa kuwa mfalme chini ya Waingereza, na alishika cheo hicho hadi mwaka 1923. Baada yake hakuwekwa mwingine.

Wakati huo jambo jingine, lisilokuwa na kishindo cha mizinga, lilikuwa likitendeka. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa mwambao wathibitishe miliki yao. Ardhi isiyothibitishwa ilihesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni. Mwenye shamba wa Lamu alikuwa na hati ya kadhi, mashahidi na nasaba. Mtoro wa Witu alikuwa na shamba tu. Utumwa ulipofutwa kwa sheria mwaka 1907 alipata uhuru ambao babu yake alikwisha kujitwalia kwa miguu yake, na mwaka mmoja baadaye ardhi aliyopewa na Simba ikawa haina mtu katika daftari.

Uhuru wa mwaka 1963 ulikuja pamoja na vita vya shifta, vilivyoendelea hadi mwaka 1967. Vijiji vingi vya bara ya Lamu vilihamwa. Baadhi ya waliohama hawakurudi, na miaka ya 1970 serikali ilipoanzisha makazi ya wakulima huko Mpeketoni, walowezi wengi walitoka mikoa ya ndani ya nchi. Kikuyu kikaongezeka katika orodha ya lugha za soko, na manung'uniko juu ya nani aliyetangulia yakaongezeka pia. Mwezi wa Juni na Julai 2014 watu wengi waliuawa katika mashambulizi ya Mpeketoni na vijiji vingine vya bara ya Lamu. Barabara ilikuwa hatari kwa muda mrefu, magari yakisafiri kwa msafara wa askari. Lami, iliyofika baada ya hapo, imeufupisha mwendo wa Garsen hadi Mokowe, na bandari mpya ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa mwaka 2021, imeipandisha thamani ardhi iliyo kando ya barabara hiyo.

Kwa utawala, Witu ni wadi mojawapo ya eneo la bunge la Lamu Magharibi, nayo huchagua mwakilishi wake katika bunge la kaunti lililoanza kazi mwaka 2013. Mji una soko, misikiti, makanisa, shule, na wafugaji wanaoleta ng'ombe wao wakati wa kiangazi. Mwenyeji wake aweza kuwa Mswahili, Mbajuni, Mpokomo, Morma, Mgiriama, Mkikuyu au Msanye, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha, kama kilivyowakutanisha watu wa Simba. Kiswahili hicho si tena cha Pate. Vijana husema njia, si ndia.

Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 imefungua mlango uliofungwa na ile ya 1908, kwa kuwa inaruhusu jamii kumiliki ardhi yake ya asili kwa pamoja. Sharti lake ni kwamba jamii ijiandikishe, itaje jina lake, na iweke daftari la watu wake. Katika vijiji vya wafugaji au vya wavuvi sharti hilo laweza kutimizwa bila ya ubishi mkubwa, maana jina la jamii na jina la kabila huelekea kuwa moja. Witu iliundwa na watu ambao kilichowaunganisha ni kukimbia kutoka mahali mbalimbali na kupewa kinga mahali pamoja, na hapana kabila liitwalo Wawitu. Daftari hilo, likiandikwa, litabidi lianze kwa kuchagua kipimo: kile cha nasaba kilichotumika Pate, au kile cha jembe na ulinzi kilichotumika hapo hapo mjini kabla ya mwaka 1890.